Koti la Kompyuta

Televisheni ilitoka nyumbani mchana kweupe, imefungwa shuka kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Kinyozi wa mtaa wa pili, aliyeinunua, aliibeba begani akapita nayo katikati ya majirani, na kila jirani akaona ni lazima aulize inakwenda wapi. Msusi alisimama mlangoni, akajifanya anachambua nywele za bandia za mteja wake, kumbe hata rangi yake alikuwa haioni. Ndani, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alibaki ameketi akitazama ukuta.

"Mama, usihuzunike," Fundi, mvalisha makochi, akamwambia mama yake. "Hiyo laptop tutakayonunua itaonyesha tamthilia zako zote. Mambo mawili kwa mpigo mmoja. Mtoto anasoma, wewe unatazama."

"Kwani nimesema kitu?" Bibi akauliza.

Hakuwa amesema kitu, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi.

Ilibidi. Binti yao alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, akijifunza kuchora ramani za majengo. Tangu siku barua ya chuo ilipofika, baba yake aliliweka kando jina alilompa mwenyewe akaanza kumwita Injinia. Binti alijaribu kumweleza kwamba mchora ramani na injinia ni watu wawili tofauti. "Tofauti utaijua wewe," Fundi alimjibu, "mimi nimeshazoea." Chuoni kompyuta zilikuwa chache na foleni ndefu, na mkufunzi alishasema wazi kwamba asiyewasilisha michoro yake yote kabla ya kufunga muhula, atarudia mwaka. Kurudia mwaka maana yake ni kulipa ada upya, na ada ya mara ya kwanza yenyewe walikuwa bado wanaitafutia pumzi.

*

Duka la kwanza waliloingia lilikuwa na kiyoyozi na sakafu inayong'aa mpaka mtu anaona soli zake. Walikwenda watatu: Fundi, mkewe na Injinia. Msusi alikuwa amevaa viatu vyake vya harusini. Kijana wa kaunta aliwatazama kuanzia chini kwenda juu, akatabasamu tabasamu la kufundishwa.

"Mnatafuta ya shilingi ngapi?"

Fundi akataja kiasi chao. Alikitaja kwa sauti ya mtu mwenye pesa, maana kwake zilikuwa pesa.

"Kwa kiasi hicho," kijana akasema, "labda niwaonyeshe simu." Kisha akageuka kumhudumia mama mmoja aliyeingia na funguo za gari mkononi.

Fundi alinyoosha kidole akaigusa laptop iliyokuwa mezani, kidogo tu, kwenye kona.

"Mzee, ile siyo ya kugusa," kijana akasema bila hata kugeuka.

Msusi aliuona mkono wa mumewe ukirudi mfukoni. Mkono ule ulikuwa umevalisha makochi ya nusu ya mji, pengine hata kochi analokalia mama wa huyo kijana, na sasa ulikuwa umejificha. Akatamani kumchapa yule mtoto kofi la kimama. Badala yake akasema kwa sauti, "Twendeni, humu ndani kuna baridi," wakatoka.

Walipofika barabarani, Injinia akamgeukia baba yake. "Baba, wenzangu wengi wamenunua zilizotumika. Zile za maofisini. Zinakuwa imara kuliko hizo za kung'aa."

"Ungesema mapema, mwanangu, tusingekuja kuaibishwa."

"Ulivyokuwa umefurahi, nikashindwa."

Msusi alilisikia jibu hilo, likampita. Baadaye ndipo alipolikumbuka.

*

Muuzaji wa kompyuta zilizotumika alikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la rangi. Watu walimwita Miwani kwa sababu alikuwa nazo mbili, moja machoni na moja utosini, na alizibadilisha kila alipotoka kwenye skrubu kwenda kwenye uso wa mteja.

"Shikamoo mzee. Karibuni. Guseni, shikeni, fungueni. Mtu hanunui kitu kwa kukichungulia."

Fundi akanenepa palepale. Akaanza kazi. Alinyanyua kila laptop kwa kona moja na kuisogeza sikioni, kama anavyofanya kwa mbao za kochi. "Fremu ikilia, hicho kitu hakifiki mwakani," akaeleza. Alifungua na kufunga vifuniko akisikilizia bawaba. Alipapasa chini, alipapasa pembeni. Wateja wengine wakaanza kumtazama, na Msusi akaona aibu na fahari kwa pamoja, kama kawaida yake akiwa na mume wake mbele za watu.

Mwishowe zikabaki mbili. Moja nyembamba, rangi ya fedha, kioo chake kikionyesha mpaka vinyweleo vya mwigizaji. Nyingine nene na nyeusi, imetoka ofisini, herufi zake mbili za kibodi zimefutika kwa kubonyezwa.

Moyo wa Msusi ulikwenda kwenye ile ya fedha. "Bibi ataona vizuri."

"Mama, hiyo kumbukumbu yake ni ndogo," Injinia akasema. "Nikifungua programu ya kuchorea itaganda. Na haiwezi kuongezwa."

"Kweli anavyosema," Miwani akaunga mkono. "Hiyo ni ya kutazama filamu na kuandika barua. Hii nyeusi ina kumbukumbu ya kutosha, na diski yake ni zile za kisasa zisizozunguka. Inawaka kabla hujakaa sawa. Ubaya wake ni betri, imechoka. Itabidi aichomeke mara kwa mara."

"Na tamthilia?" Msusi akauliza. Alijua atakayemkuta nyumbani.

Miwani akaweka filamu. Picha ilikuwa safi, lakini sauti ilitoka kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Fundi akakunja uso; na katika kule kukunja uso ndiko alikopatia nafasi ya kubembeleza bei. Walivutana mpaka kila mmoja akaapa kwa watoto wake. Bei haikushuka sana, ila Miwani alitoa spika ndogo kutoka droo akaiweka juu ya mzigo. "Hii ya bibi. Na nawapa mwezi mzima. Ikileta shida, irudisheni."

Injinia aliikumbatia ile laptop nene hadi nyumbani kama mtoto mchanga. Fundi alitembea nyuma yake, akimwambia kila aliyemsalimia, hata asiyeuliza, kwamba ile ni ya kazi, siyo ya maonyesho.

*

Siku iliyofuata Fundi aliomba apewe kompyuta kwa mchana mmoja, akaenda nayo kwenye kibanda chake. Aliporudi nayo ilikuwa imevaa.

Lilikuwa koti la mahameli ya bluu iliyoiva, lenye bitana na sponji ndani, mishono miwili miwili, zipu ya shaba. Lilifunguka pamoja na kompyuta kama jalada na kitabu chake, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuivua wakati wa kuitumia. Chini sponji nene, juu sponji nyembamba, pembeni kitambaa kimekaza bila kunyanzi hata moja.

"Hii kitu ilikuwa na nyufa," Fundi akasema, akiwaonyesha kwa kidole. "Huku chini, na hapa ubavuni. Yule Miwani hakutuambia. Vumbi linaingia, mende anaingia. Kochi likiwa na uwazi, ujue panya ameshapangishiwa chumba. Nimeziba zote. Hata uzi haupiti."

Injinia alilipapasa lile koti. Machozi yalimlengalenga. "Asante, baba. Limetoka zuri sana," akasema, na alisema kweli, maana hakuna aliyeliona lile koti asilisifie. Bibi alilisifia kuliko kompyuta yenyewe.

Jioni wakaiweka juu ya kochi kubwa la sebuleni, ambalo Fundi alilivalisha mwenyewe alipooa, ikaegemezwa mto, spika pembeni. Injinia alikuwa amekuja na tamthilia ya Bibi kutoka chuoni. Wote wakakaa. Katika tamthilia, mke mkubwa alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango na kumkuta mke mdogo amevaa kanga yake, mara kioo kikawa cheusi.

"Imezimia," Bibi akasema.

Ilipopumzika ikawaka, wakaendelea kidogo, ikazima tena. Na siku ya pili ikawa vilevile. Injinia akijaribu kuchora nyumbani, mstari wa tatu haufiki, imezima. Akaanza kuchelewa kurudi kutoka chuoni. "Kule inakubali," akawa anasema, "labda ni umeme wa kwetu." Fundi akaita fundi umeme. Fundi umeme akala chai, akasema umeme ni mzima.

"Basi tumeuziwa maiti," Fundi akasema, na kila aliyepita kibandani akaambiwa kwamba Miwani ni mwizi.

*

Asubuhi moja Msusi alitoka kumwaga maji nyuma ya nyumba akamkuta binti yake amechuchumaa karibu na ukuta, begi la chuo wazi. Alikuwa anaivua kompyuta. Alifungua zipu polepole isilie, akalichomoa koti, akalikunja vizuri kama nguo ya sherehe, akalisukumia chini ya madaftari.

"Wewe!"

Binti akaruka. Walitazamana, na mama mtu hakuhitaji kuelezwa kirefu.

"Kwa hiyo ni koti."

"Ni koti, mama. Zile siyo nyufa, ni matundu ya kupumulia. Ndani kuna feni. Ikikosa hewa inapata joto, ikizidi inajizima yenyewe ili isiungue. Ukiivua haizimi hata ukiiwasha kutwa."

"Umejua lini?"

"Siku za mwanzo tu. Mwenzangu mmoja alicheka alipoiona."

"Na baba yako umemwacha anaita mafundi umeme!"

"Nitamwambiaje, mama? Umemwona alivyokuja nalo?" Akaikumbatia kompyuta. "Alivyofanyiwa kule kwenye lile duka, halafu na mimi nimwambie kwamba kitu alichonishonea kwa mikono yake ndicho kinachoiua? Mwambie wewe."

Msusi aliahidi kumwambia. Yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mume wake mambo yote magumu, tangu kodi ya nyumba hadi harufu ya soksi. Hili litamshinda nini? Mchana akafunga saluni, akaenda hadi kibandani. Alimkuta Fundi amesimama juu ya meza, mkasi mkononi, mdomo umejaa pini, anang'aa.

"Mama Injinia! Mungu amekuleta. Unamjua yule mwalimu wa pale shuleni? Ameliona koti. Anataka la kwake, na ametanguliza pesa. Anasema walimu wenzake nao watataka." Akatoa pini mdomoni ili aongee vizuri. "Watu siku hizi hawavalishi makochi, wananunua mapya. Lakini laptop kila mtu anayo. Hii ni kazi, mke wangu. Imenijia uzeeni, lakini imekuja."

Muda mrefu Msusi hakuwa amemwona amechangamka namna ile. Akamuuliza kama amekula, akarudi saluni.

Usimlaumu. Kuna ukweli ambao mtu aweza kumwambia mumewe, na kuna mwingine ambao anatamani aliyeutengeneza aje auseme mwenyewe.

*

Mwezi wa dhamana ulipokaribia kwisha, Fundi alivaa shati la kola akatangaza kwamba kompyuta inarudi ilikotoka. Msusi alisema amngojee binti kwanza. Fundi akasema binti ndiye wa kuibeba. Michoro ya mwisho ilikuwa bado. Injinia alitembea nyuma ya baba yake na begi kifuani, akimtazama mama yake, na mama yake akitazama barabara.

Miwani aliwapokea vizuri. Fundi hakutaka kiti. Aliivua kompyuta mwenyewe, akaliweka koti kwapani. "Hili ni langu, halikuwa kwenye biashara. Haya, kitu chako hicho. Kinazima kila saa."

Miwani akabadilisha miwani. Akaiwasha, akaweka filamu, akafungua na mambo mengine juu yake, akaiacha. Wakangoja. Wateja waliingia, wakatoka. Filamu ikaenda mbele, watu wakaoana humo ndani, wakaachana, kompyuta iko macho.

"Mzee, mbona nzima?"

"Inajifanya. Kama mgonjwa akimwona daktari."

Mtu mmoja aliyekuwa akichagua chaji akacheka. "Wazee na hivi vitu! Labda anabonyeza pa kuzimia." Na wengine nao wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Msusi aliuona mkono wa mumewe ukiutafuta mfuko.

"Sikiliza," Fundi akasema, sauti imepanda, "mimi siyo mwongo. Mtoto wangu anashindwa kusoma. Nirudishie pesa yangu."

Miwani alikuna kichwa. "Haina tatizo, mzee wangu. Kwa heshima yako naweza kuipokea, ila kwa nusu. Zaidi ya hapo nitakula hasara."

Nusu! Kwa nusu wasingepata hata ile ya rangi ya fedha. Televisheni ingekuwa imekwenda, kompyuta imekwenda, na mwaka wa mtoto umekwenda. Msusi alimshika mumewe mkono. "Fundi, hebu tuondoke kwanza tukazungumze."

"Tukazungumze nini? Bora nusu kuliko kufanywa mjinga." Akanyoosha mkono apokee.

"Baba, ni koti."

Lilitamkwa polepole, lakini chumba kizima kililisikia. Injinia alikuwa analia waziwazi. "Ni koti, baba. Linaziba hewa. Zile nyufa ni za kupumulia. Nilijua tangu mwanzo. Chuoni huwa naivua."

Hakuna aliyecheka. Hata yule wa chaji aligeuka kutazama dirishani. Fundi alilitoa koti kwapani, akaligeuza, akapima kwa kidole pale sponji ilipokuwa nene zaidi. Kisha akamtazama Miwani. "Samahani, kijana," akasema. "Nilikuita mwizi kwa watu. Nitapita kwa hao watu niwaambie."

*

Wakarudi na kompyuta yao, Fundi mbele. Walipofika kwa mwalimu aliwaambia watangulie. Akabaki, na Msusi akajua anakwenda kurudisha pesa ya watu. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kochi lake, Bibi upande mmoja, mkewe upande mwingine. Injinia alibaki amesimama kama mshtakiwa.

"Na wewe ulijua?" akamuuliza mkewe.

"Nilijua."

"Mama?"

"Mimi naambiwa nini humu ndani?" Bibi akajibu.

Fundi akatikisa kichwa. Msusi alijiandaa kwa ukali, maana ukali angeuweza. Lakini mumewe alipoongea, aliongea kwa upole uliomkosesha pa kutazama.

"Injinia. Unajua kwa nini nilikupeleka shule?"

"Ili niwasaidie, baba."

"Hapana. Chakula tunakula. Nilikupeleka ili ndani ya nyumba hii awepo mtu wa kuniambia, baba hapo umekosea. Mimi sikusoma. Maisha yangu yote nikikosea huambiwa na watu baki, kwa kunicheka, kama leo. Nikasema nitamsomesha mtu wangu mwenyewe, aniambie yeye, tena mapema, tukiwa wenyewe." Akamnyooshea mkono. "Sasa na wewe ukinionea huruma, nani ataniambia?"

Injinia alikwenda akapiga magoti mbele ya baba yake, akaegemeza paji la uso kwenye mkono wake, wakakaa hivyo mpaka Bibi alipochoka.

"Sasa ikiwa vazi limeshatoka," Bibi akasema, "si ituonyeshe yule mke mkubwa alifanyaje?"

Wakacheka wote, Fundi wa kwanza. Akainuka, akaichukua kompyuta ikiwa tupu na matundu yake nje, akaiweka pale pale kwenye kochi, akaiegemeza mto.

Injinia alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama mama yake. Msusi safari hii hakuangalia pembeni.

"Baba," binti akasema, "na kochi pia."

"Kochi limefanya nini?"

"Ni laini. Kompyuta inadidimia, matundu ya chini yanaziba. Ni kama koti tu."

Lile kochi halikuwahi kusemwa vibaya na mtu yeyote tangu lilipoingia katika nyumba ile. Fundi alilitazama, akamtazama binti yake, akatoka nje. Msusi akasikia mbao zikianguka nyuma ya nyumba. Akarudi na ubao, ameshaupangusa kwa shati lake la kola, akaulaza juu ya kochi na kuiweka kompyuta juu yake.

"Hivi?"

Injinia aliinama akachungulia. "Isogeze kidogo kushoto, baba. Tundu la ubavuni limeegemea mto."

Fundi akaisogeza.